Mti Wenye Tundu



Ukiingia msitu wa Kakamega asubuhi, usitazame njia tu, inua macho. Huko juu matawi yamefungamana kama paa. Mbega weusi kwa weupe waruka toka mti hata mti, mikia yao mirefu ikining'inia. Hondohondo wapita, mabawa yakivuma.

Hondohondo hajengi kiota cha vijiti. Hutafuta mti mkubwa wenye tundu. Jike huingia, mlango ukazibwa kwa udongo, ukabaki ufa mwembamba tu. Kwa miezi kadhaa dume humletea matunda kwa ufa huo, mpaka kinda akue.

Nilipoelezwa hayo nikiwa chini ya mti mmoja wa namna hiyo, moyo wangu ulichomwa. Mpasua mbao angeuita mti ule hasara. Nami nilikuwa nimemwambia mzee mmoja wa kanisa letu aketi tu, awaachie wenye nguvu. Kumbe ni nyumbani kwake vijana wetu walikokimbilia walipopatwa na shida.

Niliporudi nilimwendea, nikamwomba radhi.

Je, ndugu, wewe umemhesabu nani kuwa hana kazi tena? Leo jioni soma Zaburi ya 104, isemayo habari za miti na ndege, kisha umtembelee mtu huyo.

Tuombe. Ee Bwana, utufumbue macho tuwaone wazee wetu kama uwaonavyo wewe. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.