Bakteria wa Tumboni kwa Watoto wa Shule: Tumpime Nani?



Mada niliyopewa ni Helicobacter pylori, bakteria anayeishi kwenye utando wa ndani wa tumbo. Naomba nitangulize msimamo wangu: mwanafunzi anayelalamika tumbo asikimbizwe kupimwa bakteria huyu, wala asimezeshwe dawa kwa sababu tu majibu yametoka chanya.

Bakteria huyu si mgeni kwetu. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba alisafiri tumboni mwa binadamu walipotoka Afrika Mashariki yapata miaka 58,000 iliyopita. Hata hivyo, kwa muda mrefu madaktari waliamini kuwa vidonda vya tumbo huletwa na mawazo na pilipili, na wengi mitaani wanaamini hivyo mpaka leo. Mwaka 1982, kule Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walifaulu kumwotesha maabarani. Baadaye Marshall alimnywa kwa hiari yake, utando wa tumbo lake ukavimba. Mwaka 2005 walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha uhusiano wake na vidonda hivyo.

Mtoto huambukizwa mapema, mara nyingi kabla hajaanza shule, na zaidi nyumbani kuliko darasani. Bakteria hupita kwenye mate, matapishi na kinyesi: chakula kinachotafunwa kwanza na mlezi kisha kutiwa kinywani mwa mtoto, mikono isiyonawiwa baada ya kumtawaza mtoto mdogo. Hapa kwetu Dodoma mvua hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kiangazi kikikaza, maji ya dumu huenda kwanza kwenye chungu, na kunawa ndiko kunakoachwa. Simlaumu mama anayechagua kupika. Kibuyu chirizi na kipande cha sabuni kando ya choo hutumia maji machache sana, na ningependa kila kaya yenye mtoto mchanga iwe nacho.

Kwa hiyo anapofika darasa la kwanza, mtoto anaweza kuwa naye tayari, na wengi wa walio naye hawasikii chochote. Majibu chanya yanatuambia kuwa bakteria yupo. Hayatuambii kuwa ndiye anayeumiza. Tena kile kipimo cha haraka cha damu hutafuta kingamwili, ambazo hubaki mwilini hata bakteria akiwa ameshaondoka.

Maumivu yanatoka wapi basi? Ulizeni kwanza kama mtoto amekula. Aliyetoka nyumbani alfajiri bila uji, akatembea mpaka shule, saa nne tumbo litamsokota, na hakuna kidonge kitakachomsaidia. Kisha fikirieni minyoo, kichocho, choo kigumu, mkojo wenye maambukizi, hata hofu ya fimbo.

Wapo wa kupewa rufaa bila kuchelewa: anayetapika damu, mwenye choo cheusi kama lami, anayekonda, anayeamshwa usiku na maumivu, na yule ambaye upungufu wake wa damu haukubali dawa za madini chuma. Hao wachunguzwe kwa mpira wenye kamera. Hospitali ya Benjamin Mkapa tunayo hapa hapa Dodoma.

Akithibitika kuhitaji tiba, atapewa antibiotiki mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kama omeprazole, kwa siku 14. Dozi ikikatishwa, bakteria hujenga usugu. Watafiti wa Mwanza wameshakuta usugu dhidi ya clarithromycin, moja ya antibiotiki hizo, na metronidazole nayo hununuliwa dukani kwa kila tumbo linalouma. Nawasihi wenye maduka ya dawa muhimu wasiuze antibiotiki hizi bila cheti.

Mwisho wa tiba, mtoto apimwe choo kuona kama bakteria ameondoka: angalau wiki nne baada ya antibiotiki, na omeprazole isimamishwe wiki mbili kabla ya kipimo. La sivyo majibu yanaweza kutoka hasi ilhali bakteria bado yupo.