Tusimpoteze Kijana kwa Sababu ya Shuka

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi mbele ya wajumbe wa kamati za sharika za Musoma, Bunda na Butiama)



Leo hatutazungumzia visima wala ng'ombe wa maziwa. Tunapenda kuwashirikisha jambo ambalo wengi huona aibu kulitaja: kijana mkubwa anayekojoa kitandani.

Katika mkoa wetu njia ya elimu imepita bwenini tangu zamani. Mwaka 1934 Mwalimu Nyerere, akiwa na umri wa miaka 12 hivi, alitoka Butiama kwenda kuanza shule Mwisenge, hapa Musoma. Hadi leo wazazi hujinyima ili mtoto akasome bweni. Lakini wapo vijana ambao hofu yao kubwa si hesabu wala viboko, bali ni usiku.

Kijana mmoja wa kidato cha pili, mwenyeji wa Bunda, alikuwa akilipiwa ada na mfuko wetu. Alikuwa amerefuka ghafla, sauti inakatika katika, mbele za watu hajui mikono aiweke wapi. Kila baada ya wiki mbili alitoroka kurudi nyumbani. Taarifa ilisema hana nia ya kusoma, nasi ofisini tulikuwa karibu kumwondoa kwenye orodha. Tulihesabu siku za utoro, hatukuuliza sababu.

Tulipomtembelea nyumbani ndipo tukaelewa. Tabia hiyo ya utotoni haikuwa imemwacha. Shuleni alikuwa haonji maji kuanzia saa sita mchana, akawa anaumwa kichwa darasani. Usiku alijizuia kulala. Alfajiri aliamka kabla ya wenzake akafue shuka gizani. Siku walipomgundua, walimwimbia bweni zima. Baba yake alisikiliza kimya, kisha akasema taratibu kwamba hata yeye aliacha akiwa kijana mkubwa. Mwanawe alikuwa hajawahi kuambiwa.

Ndugu zangu, huu si uvivu. Kati ya watoto 100 wa miaka mitano, kama 15 hukojoa kitandani. Wengi huacha wenyewe kadiri wanavyokua, lakini hata katika ujana hubaki mmoja au wawili kati ya 100. Kwa hiyo bweni la wanafunzi 200 litegemee kuwa nao wawili hadi wanne. Mara nyingi hali hii hurithiwa. Wengine hulala usingizi mzito, wengine mwili hutengeneza mkojo mwingi usiku, na wengine choo kigumu hukibana kibofu. Viboko haviondoi hata moja kati ya sababu hizo.

Wakati mwingine ni dalili ya ugonjwa. Kijana aliyekwisha kuacha kwa miezi sita au zaidi kisha akaanza tena, mwenye kiu kali, maumivu au damu kwenye mkojo, apelekwe hospitali. Apimwe maambukizi ya njia ya mkojo, kisukari na kichocho. Ugonjwa wa selimundu, ambao ni mwingi Kanda ya Ziwa, nao huongeza mkojo wa usiku. Tena, hofu au msiba mzito huweza kuirudisha hali hii.

Tunawaomba mambo manne. Kwanza, kila bweni tunalolisaidia liwe na mipira ya kufunika magodoro, shuka za akiba na mahali pa faragha pa kufulia. Pili, awepo matroni au patroni mmoja anayejua na asiyetangaza. Tatu, kijana anywe maji ya kutosha mchana, apunguze saa mbili kabla ya kulala, na aende chooni kabla ya kupanda kitandani; ikiendelea, amwone daktari, kwani dawa zipo. Nne, kabla ya kumfuta mwanafunzi yeyote kwa utoro, kamati ifike kwao.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini nani atamfunulia maradhi yake mtu anayemcheka?

Kijana wetu alirudi shuleni. Bado zipo asubuhi ambazo shuka lake limelowa, ila sasa hulifua mchana, na hatoroki tena. Mpira wa godoro ni nafuu kuliko ada ya muhula mmoja iliyopotea.