Farasi Aliyevunjika Mguu na Punda Wetu

Wengi, kuanzia Kitale hadi Bungoma, wanaamini farasi akivunjika mguu dawa yake ni risasi. Ushahidi unataka tutofautishe. Ufa mwembamba karibu na kifundo, usiopasua ngozi, ukikazwa kwa skrubu mapema, farasi wengi hurejea mashindanoni baada ya miezi kadhaa. Mfupa uliosagika ni jambo jingine. Barbaro, bingwa wa mbio za farasi za Kentucky Derby za Marekani mwaka 2006, alivunjika majuma mawili baada ya ushindi huo. Mfupa uliungwa, lakini uzito ukaelemea miguu mingine, kwato zikaugua, na Januari 2007 ikabidi auawe kumwondolea mateso. Mtu atauliza: ya Marekani, au hata ya uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, yanatuhusu nini sisi wenye punda wa kubeba mahindi? Yanatuhusu sana, kwa sababu punda anayechechemea akilazimishwa kuvuta mkokoteni, ufa unaotibika huweza kugeuka vipande. Ni kweli, upasuaji hauwezi kulipwa na mwenye punda mmoja. Kumfungua na kumwita daktari wa mifugo siku hiyohiyo kunawezekana, na serikali za kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zinapaswa kumpa daktari huyo mashine ya eksirei ya kubebeka.