Kufaulu na Kufuzu: Namna ya Kujua Kama Mwanafunzi Amepata Ufadhili wa Masomo

Mazungumzo na wazazi na walezi, Ikombe, Wilaya ya Kyela

Tumekuja kwa mtumbwi kutoka Matema, na njiani tulipishana na mitumbwi iliyopakia vyungu. Tunajua kwamba ada za watoto wengi wa mwambao huu zimetoka katika vyungu hivyo. Kwa sababu hiyo hatutazungumza juu ya fedha kana kwamba ni kitu chepesi.

Tutaanza na kisa tulichosimuliwa. Mama mmoja mfinyanzi, ambaye jina lake tunalihifadhi, alipigiwa simu mwezi wa Julai, siku chache baada ya matokeo ya kidato cha sita kutoka. Mpigaji alimtaja kijana wake kwa jina kamili, akaitaja shule yake na namba yake ya mtihani, tarakimu kwa tarakimu. Akampongeza. Akasema kijana amechaguliwa kupata ufadhili wa serikali, ila faili lake haliwezi kufunguliwa mpaka itumwe shilingi 85,000 kabla ya jua kuchwa. Mama alikopa kwa jirani, akatuma. Kijana alikuwa kambini, katika mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, wala hakukuwa na njia ya kumuuliza upesi. Siku ya pili namba ile haikupatikana tena.

Tulipomuuliza ni kitu gani kilichomfanya aamini, alijibu kwamba mtu yule aliijua namba ya mtihani. Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Namba ya mtihani si siri. Matokeo ya Baraza la Mitihani la Tanzania, yaani NECTA, hutangazwa hadharani, shule kwa shule, na kila namba na alama zake. Orodha za wanafunzi wenye sifa ya kuomba ufadhili nazo hutangazwa, na hizo hubeba majina. Tapeli husoma yale yale ambayo kila mtu anaweza kusoma. Mtu kuijua habari ya mwanao si ushahidi kwamba ametumwa na ofisi yoyote.

Sasa tuutazame ufadhili wenyewe. Unaoulizwa zaidi ni ule unaobeba jina la Rais Samia Suluhu Hassan, ambao wengi huuita Samia Skolashipu. Ulianza katika mwaka wa masomo 2022/2023, serikali ilipotenga shilingi bilioni 3 kwa ajili ya wahitimu wa kidato cha sita waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi, wakasome sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba katika vyuo vya hapa nchini. Huu si mkopo; anayeupata hadaiwi kuurejesha. Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ndiyo yenye mpango, na maombi hupokelewa kupitia mfumo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu.

Wazazi wengi hutujia na swali moja: "Mwanangu kapata daraja la kwanza, mbona hayumo?" Swali hili halina jeuri ndani yake, nasi tunalijibu kwa heshima. Katika kidato cha sita, alama A ni pointi 1, B ni pointi 2, C ni pointi 3. Huhesabiwa masomo matatu ya tahasusi. Aliyepata A tatu ana pointi 3, na aliyepata C tatu ana pointi 9. Wote wawili wamepata daraja la kwanza! Karatasi inawaita kwa jina moja, lakini katika ushindani wako mbali sana. Ninyi wa Ikombe mnalielewa hili kuliko sisi. Vyungu vyote vilivyotoka motoni bila ufa ni vizima, tena vitapika. Lakini mchuuzi wa Lyulilo mwenye fedha za vyungu 10 ataviinua vyote, atavigonga kwa kidole, na kuchukua 10 anavyoviona bora. Chungu cha 11 hakikuvunjika. Fedha ndizo zilizokwisha.

Ndiyo maana tunatofautisha kufaulu na kufuzu. Kufaulu ni kukifikia kiwango kilichowekwa, na watu wote wanaweza kukifikia. Kufuzu kwa ufadhili wa ushindani hutegemea pia wengine wamefanya nini mwaka ule. Watahiniwa wa kidato cha sita nchini ni wengi sana, na nafasi ni chache. Pointi zilizomtosha mtoto wa jirani mwaka juzi zinaweza zisimtoshe wako mwaka huu, na hapo hakuna aliyeonewa. Vilevile, kijana wa tahasusi ya Historia, Jiografia na Kiingereza, hata akiwa na pointi 3, hatajiona katika orodha iliyokusudiwa kwa sayansi. Huyo atafute mlango mwingine, nao upo.

Njia ya kuhakiki huanza na matokeo yenyewe. Asiye na intaneti anaweza kupiga *152*00# katika simu yoyote, hata ile ndogo ya vitufe, akachagua sehemu ya Elimu, kisha NECTA, kisha matokeo, akaandika namba ya mtihani na mwaka. Gharama ya ujumbe ni shilingi 100. Tuliwahi kuona mahali ambapo mzazi alitozwa shilingi 5,000 kwa kazi hiyo hiyo. Hatusemi mwenye duka asilipwe kwa karatasi na umeme wake, ila mzazi ajue bei ya kitu anachonunua.

Baada ya matokeo hutoka orodha ya wenye sifa, na hapa ndipo wengi hujikwaa, hata wenye watoto hodari. Kuwamo katika orodha hiyo ni kuruhusiwa kuomba. Si kupewa. Mwanafunzi aliyeona jina lake akashangilia, akakaa akisubiri barua, anaweza kuikosa nafasi aliyokuwa ameishika mkononi. Ni lazima aombe katika mfumo wa Bodi ndani ya muda uliotangazwa, na ni lazima awe amedahiliwa na chuo katika fani inayokubalika. Akidahiliwa na vyuo zaidi ya kimoja, athibitishe kimoja kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Jibu la mwisho ataliona katika akaunti yake mwenyewe ndani ya mfumo wa Bodi, kwa nywila aliyoitunza mwenyewe. Tunasisitiza neno mwenyewe. Nywila ikibaki katika daftari la mwenye duka la intaneti, basi mwenye duka ndiye mwenye akaunti.

Na kwa kuwa vijana wengi huwa kambini matokeo yanapotoka, tunawaomba mkae nao kabla hawajaondoka. Mzazi abaki na namba ya mtihani iliyoandikwa vizuri, cheti cha kuzaliwa, na jina la mwalimu anayeweza kusoma tovuti za serikali. Cheti hicho huhitaji kuhakikiwa na RITA kwa ajili ya maombi ya mkopo, na uhakiki huchukua siku; usiusubiri mpaka wiki ya mwisho. Tumesema mkopo kwa makusudi. Anayetumaini ufadhili asiliache dirisha la mikopo likafungwa huku akitazama upande mmoja tu. Asome mwongozo wa mwaka huo, au aulize Bodi yenyewe, juu ya namna mambo hayo mawili yanavyoungana.

Turudi kwenye fedha. Zipo ada halali. Ombi la mkopo, kwa mfano, limekuwa na ada ya shilingi 30,000 katika miongozo ya miaka ya karibuni. Tofauti yake na ile 85,000 ya mama yetu haiko katika ukubwa. Malipo ya serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba inayotolewa na mfumo, na fedha huingia katika akaunti ya taasisi. Hayatumwi kwenye simu ya mtu mwenye jina la mtu. Ukiambiwa utume kwa fulani, tena leo, tena usimwambie yeyote, weka simu chini. Hakuna ufadhili wa serikali unaofunguliwa kwa fedha iliyokopwa magharibi.

Namba ya tapeli ipelekwe kwa ujumbe kwenda 15040, ambayo imewekwa kwa ajili hiyo, na taarifa ifike polisi. Ikiwa anayedai fedha ni mtumishi wa umma anayeahidi kuliingiza jina, hiyo ni rushwa. TAKUKURU hupokea simu bila malipo kwa namba 113. Aliyekwisha kutuma fedha apige mara moja huduma kwa wateja ya mtandao wake, maana dakika za mwanzo ndizo zenye matumaini. Asione haya. Mama yule alikaa kimya wiki tatu kwa aibu, na katika wiki hizo, kama alivyotuambia, mzazi mwingine wa kijiji cha pili alipigiwa simu na sauti ile ile.

Kijana wake? Alikuwa na pointi 5. Jina lake halikuwamo katika orodha ya mwaka ule. Alipotoka kambini aliomba mkopo kwa msaada wa mwalimu wake, akapata sehemu, na nyingine mama anaendelea kuitafuta kwenye tanuri. Alituomba tuwaeleze haya, kwa sharti la kutomtaja.

Tutakaa hapa hadi saa tisa, kabla upepo wa ziwa haujazidi. Mwenye karatasi ya matokeo aje nayo, tuisome pamoja. Mwenye ujumbe wa simu unaomtia shaka aje nao pia, na asiufute.