Mbuzi Akitupa Mimba, Nani Aambiwe?

(Maneno yaliyosemwa Kibenga, Bujumbura, mbele ya wajumbe wa kambi)



Nimeombwa kusema juu ya afya ya watu, nami nitaanza na mbuzi. Mtanivumilia.

Mwaka 2022 homa ya Bonde la Ufa iliingia katika mifugo ya Burundi, kaskazini kwanza. Ng'ombe walitupa mimba, wengine wakafa. Serikali ilifunga masoko ya mifugo na kukataza kuwahamisha wanyama. Mwenye mbuzi mmoja wa kuuza ili anunue dawa alibaki naye nyumbani. Kwa hiyo najua kwa nini mbuzi akitupa mimba usiku, asubuhi mtu hunyamaza. Simlaumu.

Lakini sikilizeni ugonjwa huu unavyokwenda. Mbu wa aina fulani hutaga mayai katika udongo wa mabondeni. Mayai yanaweza kukaa makavu miaka mingi, virusi vikiwa ndani. Mvua kubwa ikija yanaanguliwa. Mbu humwuma mnyama, na mtu hushika damu au kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Wengi hupata homa kama ya malaria, wakapona. Wachache huvuja damu, au hupofuka.

Mwisho wa 1997 mvua za El Nino zilijaza maji nchi ya Garissa, Kenya. Mifugo ilikufa, na watu wakaugua. Wataalamu walikadiria kuwa watu kama 89,000 waliambukizwa huko na kusini mwa Somalia.

Hapa Kibenga tunaangalia ziwa. Mwaka 2024 lilifunika nyumba za Gatumba. Ninyi wa Musasa angalieni mabonde.

Mnyama akitupa mimba, usimguse bila mifuko ya plastiki mikononi. Fukia kwa kina. Nyama ya mfu isiliwe, hata njaa ikiuma, na maziwa yachemshwe. Siku ileile mwambie mkuu wa mtaa, apeleke habari kwa daktari wa mifugo na kwa kituo cha afya, kote kuwili. Na ukienda kituoni na homa, taja mbuzi wako. Muuguzi anafikiria malaria. Hatakuuliza habari za zizi.

Wenzangu wa mashirika, nanyi nawaambia mbele yao: aliyesema ukweli akapoteza mbuzi wake, tusimwache peke yake. Akiachwa, jirani yake hatasema.