Elia Chini ya Mretemu

Jioni ya leo ningependa mfungue pamoja nami Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Na kama umeketi na mzee wa miaka mingi hapo nyumbani, msogezee redio karibu kidogo.

Mwaka uliopita vijana wa kanisa letu, huku Embu upande unaopakana na msitu wa Mlima Kenya, walikuwa na michezo yao. Kijana mmoja akapuliza firimbi kuanzisha mbio. Nyanya mmoja wa ushirika wetu, mama mcha Mungu, akaanguka chini, akajifunika kichwa kwa mikono, akawa analia kama mtoto. Watu wakanong'ona kwamba ni pepo. Nami, mchungaji niliyesoma chuo cha theolojia, nikasimama nyuma yake, nikamshika kichwa na kukemea kwa sauti kuu. Akazidi kupiga mayowe. Ndipo muuguzi mmoja Mkristo akanivuta mkono, akasema, "Pasta, usimshike kutoka nyuma. Zunguka mbele akuone uso, na useme naye polepole."

Niliona haya. Juma lililofuata nilimtembelea nyumbani, nikamwomba radhi. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Pasta, mwanangu, firimbi ile niliisikia nikiwa na miaka minane."

Wengi wenu mnajua habari hizo kwa kuhadithiwa. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na kuanzia mwaka 1954 zaidi ya watu milioni moja wa Kikuyu, Embu na Meru walihamishwa kwa nguvu wakatiwa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na miti iliyochongwa. Nyumba zao za zamani zilichomwa. Akina mama waliitwa kwa firimbi kwenda kuchimba handaki kando ya msitu. Nyanya huyu alimwona mama yake akipigwa asubuhi moja kwa sababu alichelewa. Yaliyobaki aliniambia, lakini si ya redioni.

Kwa miaka karibu sabini alikuwa halali kitandani. Alilala kitini, akielekea mlango. Watoto wake walidhani mama ni mkali tu. Naye hakusema, kwa maana aliyepuliza firimbi siku zile alikuwa mtu wa kijiji hicho hicho, na wajukuu wa pande zote mbili hushiriki Meza moja ya Bwana kanisani kwetu. Tena mimi mwenyewe nimehubiri mara nyingi kwamba ya kale yamepita, tusahau. Alinisikia kila mara, akaitika amina.

Madaktari huyaita mambo haya ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe. Jina hilo liliingizwa katika kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, ingawa ugonjwa wenyewe ni wa zamani kuliko kitabu chochote cha daktari. Mtu aliyeponea kifo au kuona ukatili hurudiwa na jambo lile, katika ndoto au mchana akiwa macho, kana kwamba linatendeka sasa. Hukwepa kila kinachomkumbusha. Mwili wake hulinda zamu bila kupumzika: hushtuka upesi, hukasirika, hakosi kutazama mlango. Kushtuka siku chache baada ya msiba ni kawaida, na wengi hupona wenyewe. Lakini yakipita mwezi mmoja na bado yanamzuia kuishi, inafaa apimwe hospitalini. Hakuna kipimo cha damu. Daktari huuliza na kusikiliza. Namjua kijana aliyeokoka ajali ya matatu barabara ya Meru, ambaye hutafuna miraa usiku kucha ili asilale, maana akilala ajali hurudi. Wengine hutafuta usingizi katika pombe, nasi huwahubiria ulevi peke yake.

Sasa mtazame Elia. Simwiti mgonjwa, Biblia si kitabu cha kliniki. Lakini ametishwa kuuawa na Yezebeli, amekimbia jangwani, ameketi chini ya mretemu akiomba afe. Malaika hamkemei wala hamwulizi imani yake imekwenda wapi. Anampa mkate na maji, anamwacha alale, kisha anampa tena. Baadaye kule Horebu Bwana anamwuliza anafanya nini pale, naye anaeleza yote yaliyompata. Anaulizwa tena, naye anarudia maneno yale yale, na Bwana anamsikiliza mara zote mbili. Katika miaka yangu ya kuhubiri niliuruka mstari huo wa pili, nikidhani ni marudio tu.

Tiba ambayo madaktari wanaitumaini zaidi inafanana na hilo. Huko Uganda, katika kambi za wakimbizi za Imvepi na Nakivale, ilijaribiwa njia ya kumsaidia mtu asimulie maisha yake yote kwa utaratibu. Hulazwa kamba chini: ua kwa kila jema, jiwe kwa kila baya, na kila jiwe husimuliwa polepole na msikilizaji aliyefundishwa, mpaka lipate mahali pake katika siku zilizopita. Kule Nakivale wakimbizi wenyewe walifundishwa kuifanya kazi hiyo. Wako wanaosaidiwa na dawa pia, kama setralini, na dawa hiyo isiachwe kwa sababu umeombewa. Vidonge vya usingizi haviponyi kiwewe, na vina hatari ya kuzoeleka. Wala tusimlazimishe mtu asimulie mbele ya kanisa zima eti atoe ushuhuda!

Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilisema inasikitika kwa mateso yale, ikakubali kuwalipa wazee 5,228. Nyanya yetu hakuwa miongoni mwao. Alikwenda kwa mshauri hospitalini, wiki kwa wiki, akisindikizwa na binti yake, ambaye sasa ndiyo mara ya kwanza anasikia habari za bibi yake. Mawe yalikuwa mengi, lakini aliweka pia ua la siku ya kubatizwa kwake. Bado hushtuka. Vijana wetu sasa huanzisha mbio kwa kengele, naye amerudi kulala kitandani, ila kiti hajakubali kiondolewe.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemlisha Elia kabla ya kusema naye, uwe karibu na yule atakayekesha usiku huu akitazama mlango. Amina.