FEDHA IKIIBIWA KATIKA SIMU, HASARA NI YA NANI?

Maneno ya mjumbe wa kamati mbele ya mkutano wa wanachama, Shimanzi



Nimepewa dakika chache niseme juu ya wizi wa simu. Juu ya wezi wenyewe sitasema mengi, kwa kuwa njia zao mwazijua. Mtu hukupigia akijidai ni wa kampuni ya simu, au hukuletea ujumbe kwamba fedha zimeingia kwako kwa makosa, tafadhali zirudishe. Neno langu leo ni hili: mshahara wa mfanya kazi ukiisha kuibiwa katika simu, hasara ile yafaa imwangukie nani?

Jambo hili si dogo. M-Pesa ilianzishwa na Safaricom mwezi wa Machi, 2007, na sasa ina wateja zaidi ya milioni 30 katika Kenya. Hapa Shimanzi, katika magodauni na penye matangi ya mafuta, vibarua wengi hawashiki noti siku ya malipo; waona ujumbe tu. Simu ndiyo mfuko, na ndiyo kasha la nyumbani.

Aliyeibiwa akienda kulalamika, jawabu apewalo ni moja: "Ulitoa nambari yako ya siri, kosa ni lako." Mara nyingine ni kweli alitoa. Lakini jawabu hilo hutumiwa hata pale lisipostahili. Kwa hiyo hapana budi tuupambanue wizi huu mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni kuhamisha laini. Mwizi huenda kwa wakala, au humtumia mtu wa ndani, akadai kwamba laini imepotea, naye akapewa kadi mpya yenye nambari yako. Simu yako yazima mtandao mkononi mwako, na ya mwizi yaamka. Nambari ya siri huibahatisha kwa mwaka wako wa kuzaliwa, na ujumbe wa benki sasa wamfikia yeye.

Tulipime jambo hili kwa kazi yetu. Mtu akija godauni na hati ya uwongo, akapewa magunia 100 ya chai akaenda zake, je, mwenye chai ataambiwa yeye ndiye mzembe? Hasha. Ataulizwa yule aliyefungua mlango: hati ile uliikagua? Basi kadi ya laini ni ufunguo, na ufunguo wa pili haukuchongwa na mfanya kazi. Aliyempa mwizi ufunguo ndiye alipe.

Fungu la pili ni gumu zaidi: mtu mwenyewe amedanganywa, akatuma fedha kwa mkono wake. Hapa kampuni husema, tukimlipa kila aliyetuma kwa hiari, watu wataacha kuwa macho, na wengine watajifanya wameibiwa. Hoja hii ina uzito, wala tusiidharau.

Bali sisi twaijua tangu zamani. Ndiyo iliyosemwa juu ya kuli aliyevunjika mguu: hakutazama juu, alisimama chini ya winchi, kosa ni lake. Leo sheria ya fidia za wafanya kazi wanaoumia kazini, ya mwaka 2007, haianzi kwa kuuliza kama kuli alighafilika. Mwajiri hulipa, na hapana budi awe na bima. Aliyejiponza kwa kusudi ndiye awezaye kunyimwa. Sababu ni kwamba mwenye winchi ndiye apataye faida yake, na ndiye awezaye kuitengeneza isiue. Wala sheria hiyo haikuwafanya makuli wapende kuvunjika miguu.

Je, winchi ya simu ni ya nani? Kampuni ndiyo itozayo ada, na ndiyo ionayo nambari moja ikipokea fedha za watu wengi kwa saa moja na kuzitoa zote papo hapo. Sisi hatuoni. Tena, kila laini katika Kenya lazima isajiliwe kwa kitambulisho. Basi aliyepokea ana jina.

Nchi nyingine zimekwisha kuamua. Katika Uingereza, tangu tarehe 7 Oktoba, 2024, benki humrudishia mtu aliyedanganywa akatuma mwenyewe, mpaka pauni 85,000. Benki iliyotuma na ile iliyopokea hugawana hasara nusu kwa nusu. Asiyelipwa ni mwongo, au mtu aliyezembea kupita kiasi. Singapore, tangu Desemba, 2024, huuliza kwa zamu katika wizi wa kunaswa kwa ujumbe wa uwongo: je, benki ilitimiza wajibu wake? Kama haikutimiza, hulipa. Kama ilitimiza, je, kampuni ya simu nayo? Mteja hubaki wa mwisho. Kwetu mteja ni wa kwanza.

Kenya inayo sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2025. Sheria hiyo yamfuata mwizi, nasi twaiunga mkono. Lakini mwizi asipopatikana, mfanya kazi hurudi nyumbani mikono mitupu.

Kwa hiyo kamati yaomba mkutano ukubali madai haya yapelekwe kwa Mamlaka ya Mawasiliano na kwa Benki Kuu ya Kenya:

1. Laini ikihamishwa bila idhini ya mwenyewe, fedha zirudishwe zote.
2. Laini ikiisha kubadilishwa, fedha zisitoke kwa muda, mpaka mwenyewe athibitishwe.
3. Mtu akitoa habari ya wizi, fedha zilizopokewa zifungwe mara moja, si baada ya siku.
4. Kampuni ikikataa kulipa, itoe sababu kwa maandishi, nayo ndiyo ithibitishe kosa la mteja.

Nasi tuna wajibu wetu, kama vile kuli avaavyo kofia ya chuma ingawa bima ipo. Nambari ya siri usimpe mtu. Usiifanye mwaka wako wa kuzaliwa. Safaricom huwapigia wateja kwa 0722 000 000. Nambari nyingine ikijidai ni Safaricom, kata. Piga *100*100# ili laini yako isibadilishwe na wakala. Ukikosea kutuma, peleka ujumbe ule 456. Nambari ya tapeli ipeleke 333. Kisha nenda polisi ukaandikishe, uchukue nambari ya kitabu, na nakala uilete ofisi ya chama. Lalamiko la mtu mmoja hutiwa kapuni. Malalamiko 100 yenye nambari za polisi hayatiwi kapuni.

Ndugu Mwenyekiti, naomba madai haya yapigiwe kura.